Wimbo wa Norwe Ulioshinda Mara Mbili

Vumilia hana uvumilivu hata wa dawa. Wazazi wake walikosea jina, na yeye mwenyewe hukiri hivyo. Ukichelewa mazoezi ya kwaya yake atakukazia macho mpaka utamani kurudi kwenye ile foleni ya barabara ya Beltway uliyoisingizia. Ukiimba kwa pua atasimamisha sauti zote nne, akuimbishe peke yako mbele ya watu, kisha aseme, "Asante, sasa tumejua ugonjwa uko wapi." Watanzania wa Lanham, Marekani, wanamwita Mama Queen, kwa ajili ya binti yake, nao wanamwogopa kuliko wanavyomwogopa mchungaji.

Ana miaka hamsini na saba. Siku za kazi anahudumia wazee katika nyumba moja kule Greenbelt: anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani, anawasikiliza wakisimulia vita walivyopigana na vile ambavyo hawakupigana. Kubeba boksi ughaibuni ni kubeba boksi, hajawahi kusema kwamba ndiyo ndoto iliyompandisha ndege. Lakini Jumapili saa nane mchana, Wamarekani wenye kanisa wakishaondoka na magari yao, Walutheri wa Kitanzania wanaingia na sufuria zao za pilau, na hapo Vumilia anavaa joho la zambarau na kuwa mtu mwingine. Amekuwa mwalimu wa kwaya kwa miaka kumi na tisa. Kinanda hagusi. Silaha yake ni kaunta buku moja kuukuu, imejaa nyimbo alizoziandika kwa mkono kwa noti za solfa, zile za do re mi, na ole wake atakayeiwekea kikombe cha chai juu.

Katika ukurasa wa kumi na mbili wa kaunta buku hiyo kuna wimbo wenye kichwa cha neno moja tu: Norwe. Huo ndio wimbo wa fahari wa usharika. Umeimbwa kwenye ubarikio, kwenye harusi, kwenye misiba, hata siku mwenye jengo alipotaka kuwapandishia kodi na wakaona bora waanze kwa kumlainisha. Maneno yake ni ya zaburi, ile ya matari na matoazi, na kila mtu anajua kwamba sauti yake ni ya kale, imetoka katika kitabu cha nyimbo cha Wanorwe wenyewe, ikaletwa Mbulu na wamisheni. Ukianza, wazee hufumba macho. Mzee Gervas, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, ameshaandika wosia kwamba aimbiwe huo wakati anashushwa kaburini.

Ukweli ni kwamba huo ni wimbo wa dansi.

Mwaka themanini na tano Vumilia alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, anafua mashuka pamoja na mama yake katika hospitali ya misheni ya Wanorwe huko nyanda za juu za Mbulu. Baba yake alikuwa mwalimu wa kwaya, na alimfundisha solfa mapema kuliko alivyomfundisha kusuka mkeka. Mwezi wa nane sista mmoja, muuguzi wa Kinorwe, akarudi kutoka likizo na kaseti. Nchi yao, ambayo kila mwaka ilikuwa inaburuta mkia katika mashindano ya nyimbo ya Ulaya, safari hii ilikuwa imeshinda. Sista akawa na furaha ya shabiki ambaye timu yake haijawahi kufunga goli. Kaseti ilipigwa asubuhi, ikapigwa mchana, ikageuzwa, ikapigwa tena, na dirisha la sista lilitazamana na kamba za kuanikia mashuka. Vumilia hakuambulia hata neno moja la Kinorwe, lakini sauti aliipata yote, akaiandika kwa penseli nyuma ya karatasi ya dobi.

Mwezi wa kumi yakaja mashindano ya kwaya ya dayosisi. Baba yake alikuwa amelazwa, kwaya akaachiwa yeye, na nyimbo zao zote watu walikwisha kuzichoka. Vumilia akachukua ile karatasi ya dobi, akaivisha zaburi, akapunguza mwendo kidogo ili isinuke dansi. Wazee walipomuuliza wimbo ameutoa wapi alijibu, "Kitabuni mwa Wanorwe," huku anakunja shuka, wala hakuinua macho. Walishinda. Zawadi ilikuwa taa ya karabai, mpya inayong'aa. Aliyemkabidhi ni mmoja wa waamuzi watatu, Mchungaji Halvor, mmisheni aliyekijua Kiswahili na Kiiraqw kama aliyezaliwa kule. Alimshika mkono, akamtazama kwa muda mrefu mno. Tangu siku hiyo Vumilia akimwona mbele anapita nyuma ya jengo, na aliendelea hivyo mpaka Halvor aliporudi kwao, naye Vumilia akaolewa, akafiwa na mume, akaja Marekani na mtoto mgongoni.

Siku za mwizi ni arobaini. Za Vumilia zilikuwa miaka.

Aliyemkamata ni Fredy. Huyu ni kijana wa miaka thelathini na moja, anafanya kazi za kompyuta katika ofisi moja Upper Marlboro, na ndiye mpiga kinanda wa usharika. Anapiga vizuri, hilo hata Vumilia hukubali, mradi Fredy mwenyewe asiwepo. Ugomvi wao ni wa miaka. Fredy anataka kwaya iimbe nyimbo anazotunga yeye, zenye ngoma zilizotegwa ndani ya kinanda, na solfa anaiita maandishi ya hirizi. Alhamisi moja ya mazoezi alimngoja mama wa watu kwenye korido.

"Shikamoo Mama Queen. Nina kitu nataka nikuoneshe."

"Marahaba. Kama ni ngoma zako za kwenye simu, kaa nazo."

"Siyo zangu, ni zako. Nime-hum tu ile Norwe kwenye simu, nikai-search, nikasema labda nipate chords. Ikaniletea hii."

Akabonyeza. Wakatokea watu wenye makoti ya kumetameta, wanaimba, wanayumbisha mabega, na ukumbi mzima unapiga makofi. Sauti ilikuwa ile ile, noti kwa noti, ila ilikuwa na haraka kama mtu anayewahi basi. Vumilia usoni hakubadilika hata kidogo.

"Unaona wanavyoiba nyimbo za kanisa," akasema.

"Mama Queen! Hapa wameandika nani katunga, na mwaka. Ilishinda Eurovision, yale mashindano ya Ulaya."

"Na wewe kila kilichoandikwa kwenye simu unaamini. Juzi simu si ilikupeleka Baltimore ukitafuta Bowie?"

Fredy akacheka, lakini hakuachia. "Mimi sina shida na wewe. Uniachie kwaya tu, upumzike, tukufanyie na keki. Usipotaka, mchungaji ame-post leo kwenye group: Sikukuu ya Kwaya tuna mgeni, mchungaji mstaafu kutoka Norwe. Mjukuu wake ni injinia pale kwenye kituo cha anga Greenbelt. Nitasimama mbele ya watu nimwombe atueleze historia ya wimbo wa kwao."

"Mgeni gani?"

"Anaitwa Halvor. Si alikuwa Mbulu, kwenu kule?"

Vumilia alisema anawahi dripu ya mgonjwa, ingawa zamu yake ilikuwa ya kesho asubuhi, na dripu hajawahi kuruhusiwa kugusa.

Aliogopa, tena aliogopa sana. Hakuogopa kuchekwa, maana kuchekwa mtu huzoea. Aliogopa kutengwa. Katika kanisa lao anayeuaibisha usharika husimamishwa: hapokei Chakula cha Bwana, haimbi kwaya, anakaa benchi la nyuma kwa miezi, kisha anaitwa mbele ya watu wote ili arudishwe kundini. Vumilia aliwahi kumwona shangazi yake amesimama mbele hivyo, na hakusahau ule mgongo ulivyokuwa. Kwaya ndicho kitu pekee katika Marekani nzima ambacho hakuna anayemwelekeza afanye vipi. Wakikichukua hicho, itabaki kugeuza wazee wa watu kitandani.

Nyumbani akamweleza Queen, maana siri ya mtu mmoja humtoboa tumbo. Queen ana miaka ishirini na mitano, Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza.

"Wait. You put a psalm on a Eurovision song?"

"Usicheke."

"I'm not laughing, Mom." Alikuwa amelala chini kwenye zulia, machozi yanamtoka.

Basi Vumilia akaanza ujanja wake. Akampigia simu Mchungaji Lusekelo, kijana wa Tukuyu mwenye sauti ya upole na kichwa kigumu kama jiwe la kusagia, akamwambia teno wote wana mafua. Lusekelo akasema atawaombea. Siku ya pili akampigia kwamba wimbo wa Norwe umezoeleka mno, mgeni atachoka. Lusekelo akashangaa. "Mama Queen, mgeni ametoka Norwe, sisi tuna wimbo wa Norwe, halafu tumwimbie wa Fredy?" Siku ya tatu kaunta buku ikapotea. Kwaya ikamwambia asihangaike, wimbo huo wanaujua kwa kichwa wote, amewafundisha vizuri. Na programu zilikuwa zimeshachapwa, jina lake liko pale kwa herufi nzito: Mwalimu wa Kwaya, Mama Vumilia.

Siku ikafika. Mgeni aliingia na mjukuu wake, mzee wa miaka themanini na minne, mrefu, ameinama kidogo, mkononi ana fimbo ya mti yenye kichuma chini. Akausalimia usharika kwa Kiiraqw. Wachaga na Wanyakyusa wakaitikia tu, Bwana asifiwe, hawajui wamesalimiwa nini. Vumilia alijua, akajifanya anapanga makaratasi.

Alikuwa amebakiwa na hila moja. Akaamua kuuvuta wimbo polepole mpaka mama yake mwenyewe asiutambue. Akainua mikono, kwaya ikaanza, na Norwe ikatoka kwa mwendo wa jeneza linalopandishwa mlima. Chepngetich, nesi wa Kikenya aliyejiunga na kwaya kwa sababu ya pilau akabaki kwa sababu ya muziki, alimtolea macho kutoka safu ya sauti ya pili kana kwamba anamuuliza kuna nani amekufa. Vumilia akazidi kuuvuta.

Ndipo fimbo ikaanza. Tok. Tok. Tok. Mzee Halvor alikuwa amefumba macho kama wazee wengine, lakini fimbo yake ilikuwa inagonga sakafu kwa mwendo wake yenyewe, na ule haukuwa mwendo wa jeneza. Sasa kwaya ya Vumilia imefundishwa kwa ukali wa miaka kumi na tisa kufuata pigo. Besi wakaacha mkono wake wakafuata fimbo. Teno wakafuata besi. Sauti ya pili, Chepngetich akiwa mbele, wakarukia kama watu waliofunguliwa lango. Vumilia akapunga mikono polepole peke yake kwa mistari miwili hivi, halafu akaona atabaki kama trafiki kwenye barabara isiyo na magari, akawafuata. Zaburi ikaanza kucheza. Akina mama wakasimama, vitambaa vikapepea, vigelegele vikapanda, na Mzee Gervas, mwenye wosia, alionekana akiyumbisha mabega.

Walipomaliza, Fredy alikuwa ameshasimama nyuma ya kinanda, kipaza sauti mkononi, anatabasamu. "Bwana asifiwe. Kwa heshima na taadhima, kabla mgeni wetu hajakaa sawa, mimi ningemwomba..."

Vumilia alimwona. Alimwona na mgongo wa shangazi yake pia. Akasema moyoni, kama ni kuumbuka, heri nijiumbue mwenyewe kuliko kuumbuliwa na mtu asiyejua solfa. Akashuka, akakichukua kile kipaza sauti mkononi mwa Fredy kama mama anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Kaa chini, baba. Hii ni yangu." Akageukia watu. "Wapendwa, wimbo huu si wa kitabuni. Ni wimbo wa dansi. Uliwapa Wanorwe ushindi kwenye mashindano ya nyimbo ya Ulaya, nami niliuiba dirishani nikiwa naanika mashuka. Nikawadanganya wazee wa Mbulu, tukapewa karabai. Nikaja nikawadanganya na ninyi, miaka kumi na tisa. Zaburi ni ya kweli. Mengine yote ni uongo wangu, na Mzee Gervas anisamehe kuhusu kaburi lake."

Mtu mmoja alikohoa, akajuta. Lusekelo alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Vumilia alisimama pale na joho lake la zambarau, akingoja kuambiwa aende benchi la nyuma.

Mzee Halvor akainuka. Alichukua muda kufika mbele, maana ni mzee, na kila hatua fimbo ilisema tok.

"Mimi nilijua," akasema. "Tangu noti ya tatu nilijua. Sista alikuwa ametupigia kaseti ile mpaka mbwa wa misheni akaizoea. Tulikuwa waamuzi watatu siku ile. Wenzangu wawili walitaka kuipa kwaya nyingine ushindi. Wakaniuliza, huu wimbo wa kwenu ni wimbo gani? Nikawaambia ni wa kale, bibi yangu alikuwa akiniimbia kitandani." Akapumua. "Bibi yangu alikuwa amekufa miaka ishirini kabla haujatungwa."

Mjukuu wake, ambaye Kiswahili hajui, aliona watu wote wamefunika midomo, akaanza kutabasamu kwa wasiwasi.

"Nilikuwa na miaka mingi sijaona kwetu," mzee akaendelea. "Nchi yangu haikuwahi kushinda mashindano yale mpaka mwaka ule. Nikaona acha ishinde tena, hata kama ni Mbulu. Nilidanganya, mchungaji mzima, na kesho yake nikahubiri. Juzi nilipoona jina la Vumilia kwenye programu nilimwambia huyu mjukuu tuseme naumwa. Nilidhani amenisubiri miaka arobaini aje aniumbue."

"Mimi?" akasema Vumilia. "Mimi nilikuwa nakupita nyuma ya jengo!"

"Nami nilikuwa nashukuru Mungu."

Hapo kanisa likapasuka. Chepngetich akapaza sauti juu ya vicheko vyote: "Sasa pastor, na ile taa ya wenyewe? Mliwarudishia ama mlikaa nayo tu?"

"Ilikufa mwaka tisini," Vumilia akajibu.

Mzee Gervas akasimama, uso mkavu, na watu wakanyamaza kwa sababu ndiye mwenyekiti. "Mimi wosia wangu sibadilishi," akasema. "Ila naongeza: msiuvute. Mniimbie kwa mwendo wa fimbo." Akakaa.

Ikabaki hukumu. Lusekelo alipanda mimbarani taratibu, nao wote wakamwangalia. "Nikimtenga Mama Queen," akasema kwa ile sauti yake ya upole, "haki inataka nimtenge na mgeni wetu. Na mgeni ndiye anayetoa baraka leo. Tutaondokaje hapa bila baraka, na njia zenyewe ni hizi za Beltway?" Akaacha watu wacheke. "Mama ameungama kabla hajaulizwa, mbele ya watu wote. Kurudi kundini kwenyewe ni huko, nami namrudisha sasa hivi. Ataendelea na kwaya. Lakini kila Jumamosi atamfundisha Fredy solfa, mpaka Fredy aweze kuisoma hiyo kaunta buku yote bila kinanda."

Fredy akafungua mdomo. Vumilia naye akafungua mdomo. Watu wakapiga makofi, na mpaka leo usharika unabishana ni nani kati yao aliyepewa adhabu.

Ibada ilipokwisha walishuka chini kwenye ukumbi wa chakula. Kaunta buku ilionekana imejitokeza yenyewe, iko mezani kando ya kachumbari. Vumilia akampakulia mgeni sahani, akakaa naye pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu awe msichana wa dobi akamtazama usoni.

"Baba, nikuulize. Maneno yake yanasemaje? Miaka yote hii sijawahi kuyajua. Queen alitaka kunitafutia kwenye simu nikamkataza, niliogopa."

Mzee akaangalia kama Lusekelo yuko mbali. "Yanasema kuna muziki unapigwa, na watu wanacheza."

"Halafu?"

"Halafu wanaendelea kucheza."

"Halafu?"

"Basi."

Vumilia akaweka kijiko chini. "Ndiyo hayo tu? Na Ulaya nzima ikawapa ushindi?"

"Ndiyo hayo tu, mwanangu."

Vumilia alifikiria kila usiku ambao hakulala, na majengo yote aliyoyazunguka, na zaburi aliyoichagua mwenyewe, neno kwa neno, akiwa na miaka kumi na saba na mikono imechubuka kwa sabuni. Kisha akavuta sufuria ya pilau, akajitilia paja zima la kuku.

"Basi, Baba," akasema, "ile karabai tuliishinda kwa haki."